Pi 4, Pi 5 na Orange Pi 5: bodi ipi itatulia Lamu?

Kompyuta ya bodi moja ikifa Nairobi, mwenyewe hutembea hadi dukani akarudi na nyingine kabla ya chakula cha mchana. Ikifa Shela au Langoni, kipuri kinapakiwa basi hadi Mokowe, kinavushwa kwa boti, na siku zote hizo nyumba ya wageni haina waifai, pampu haijui kama tangi la juu limejaa, na madrasa iliyokuwa ikisoma Wikipedia bila intaneti inabaki na vitabu vya rafuni. Kwa hiyo kasi tumeiweka nyuma. Yanayotangulia ni maswali mawili: bodi itaamka yenyewe baada ya stima kukatika usiku? Na sasisho la leo litaviacha salama vifaa vilivyokuwa vikifanya kazi jana?

Jibu kwa mwenye haraka: Raspberry Pi 4 ya GB 4 kwa kazi isiyotakiwa kulala, Raspberry Pi 5 kwa anayehitaji kwelikweli diski ya NVMe (diski ya kasi isiyopitia USB), Orange Pi 5 kwa nyumba yenye fundi wa Linux anayekaa mji huu huu.

Kwa nini bodi hizi husumbua kuliko laptopu

Laptopu ya kawaida huieleza Linux yenyewe ina vifaa gani ndani. Bodi za ARM za aina hii hazisemi lolote. Keneli, yaani kile kiini cha Linux kinachoongea na vifaa, lazima ipewe faili la ramani ya vifaa lililoandikwa kwa ajili ya bodi ile ile, na iwe na draiva za chipu ile ile. Chipu ikiwa changa, ramani na draiva hukaa kwanza kwa mtengenezaji, ndani ya keneli yake ya zamani aliyoishona viraka. Kufika kwenye keneli kuu, ile inayotunzwa na mafundi wa dunia nzima, huchukua miaka.

Orange Pi 5 ni mfano mzuri. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2022 ikiwa na chipu ya RK3588S na keneli ya mtengenezaji 5.10, ambayo asili yake ni Desemba 2020. Draiva ya Panthor inayoendesha michoro ya chipu hiyo iliingia kwenye keneli kuu toleo la 6.10, mwaka 2024. Picha kupitia HDMI ilikuja na 6.13, Januari 2025. Mnunuzi wa siku ya kwanza aliyetaka keneli safi alingoja miaka miwili kuona chochote kwenye skrini kupitia waya ule.

Hapo ndipo mvutano ulipo. Ukibaki na keneli ya zamani unatulia, lakini kifaa kipya hakionekani. Ukikimbilia mpya, kifaa kinaonekana, halafu kingine kilichokuwa kizima kinanyamaza.

Raspberry Pi 4

Ilitoka Juni 2019, na umri huo ndio sifa yake kubwa. Kasoro zake zimeshajulikana na nyingi zimeshapatiwa dawa. Kampuni imesema itaendelea kuitengeneza angalau hadi Januari 2034, kwa hiyo ikiharibika baada ya miaka mitano utapata ya aina hiyo hiyo, uchomeke kadi ile ile na kazi iendelee. Kwa kisiwa, hilo lina thamani kuliko mara mbili ya kasi.

Mfumo unaoifaa ni Raspberry Pi OS Lite ya biti 64 iliyojengwa juu ya Debian 12, Bookworm. Debian 12 ilitoka Juni 2023 na huduma yake ya muda mrefu imepangwa hadi Juni 2028. Trixie, yaani Debian 13, ilitoka Agosti 2025, na Raspberry Pi OS yake ikafuata Oktoba. Anayeanza upya leo anaweza kuanza na Trixie bila wasiwasi kwenye bodi hii. Aliye na Bookworm inayofanya kazi aiache. Asijaribu kuipandisha juu kwa juu, kwa sababu hata Raspberry Pi wenyewe hushauri kusakinisha upya kwenye kadi nyingine.

Nunua toleo la 1.2 la bodi au la baadaye. Linaonekana kwa `cat /proc/cpuinfo`. Toleo la kwanza lilikosa ukinzani mmoja kwenye tundu la USB-C, kwa hiyo nyaya zenye chipu ndani, kama zile za laptopu, huidhania kuwa spika ya masikioni na kukataa kuipa umeme. Anayenunua iliyotumika achunguze hilo kabla ya kulipa.

Chaja iwe ya volti 5.1 na ampea 3. Ya simu haifai, hata kama imeandikwa wati nyingi kubavuni. Umeme ukishuka chini ya takriban volti 4.63 bodi hujipunguza kasi, na diski ya USB hukatika katikati ya kuandika. Watu husema keneli mbaya, kumbe waya mwembamba. Kabla ya kulaumu sasisho lolote, andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu la `0x0` ni zuri. Likija `0x50000`, umeme uliwahi kushuka tangu bodi iwake; `0x50005` maana yake hata sasa hivi umeshuka. Shughulikia hilo kwanza.

Diski ya SSD ya USB ina mtego wake. Kasha nyingi za bei nafuu zina chipu ya JMicron ambayo haielewani vyema na njia ya haraka iitwayo UAS: diski hupotea kazi ikizidi, kisha hurudi kwa jina jingine. Tazama namba yake kwa `lsusb`. Ikiwa ni 152d:0578, ongeza `usb-storage.quirks=152d:0578:u` kwenye faili `/boot/firmware/cmdline.txt`, katika mstari ule ule mmoja bila kuukata. Kasi inapungua kidogo, diski inatulia.

Pi 4 haina saa yenye betri. Stima ikirudi na intaneti haijarudi, itaamka ikiamini ni jana, na tovuti za https zitakataliwa kwa sababu vyeti vinaonekana havijaanza kutumika. Weka moduli ya saa ya DS3231 na mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `config.txt`, faili la mipangilio ya kuwashia lililo ndani ya `/boot/firmware`. Moduli hiyo iunganishwe kwenye pini ya 1, ya volti 3.3, wala si ya volti 5: moduli nyingi za bei rahisi zina njia ya kuchaji betri, na ukizipa volti 5 zitachaji betri ya CR2032 isiyochajika hadi ivimbe.

Jambo la mwisho kuhusu Pi 4, na kwa Lamu ni kubwa: inaweza kukaa ndani ya kasha la alumini lisilo na feni. Feni huvuta hewa, na hewa ya hapa ina chumvi na unyevu, hasa wakati wa kusi. Pini hugeuka kijani, na miguso ya kadi ya memori huanza kutoa hitilafu zinazofanana kabisa na hitilafu za programu. Kasha lililofungika, pakiti ya silika jeli ndani, na kufuta miguso kwa spiriti safi kila baada ya miezi mitatu huondoa mashaka mengi ambayo fundi angeyatafuta ndani ya programu.

Raspberry Pi 5

Ni bodi nzuri sana, na inastahili kusifiwa kwa haki. Ina kasi ya zaidi ya mara mbili ya Pi 4, tundu la PCIe la kuunganishia diski ya NVMe, kitufe cha kuzimia na saa ya ndani. Lakini ilipotoka Oktoba 2023 ilikuja na Bookworm, na Bullseye, yaani Debian 11 ya nyuma yake, haiwaki kabisa juu yake. Mwenye kadi iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kwenye Pi 4 ya 2022 hawezi kuihamisha tu. Bodi mpya ilimlazimisha kila mtu abadili mfumo, na kati ya mfumo na bodi mambo matatu yalibadilika kwa pamoja: faili za kuwashia zilihamia `/boot/firmware`, mtandao ulikabidhiwa kwa NetworkManager, na, kwa upande wa bodi yenyewe, pini za GPIO, zile za kuunganishia rilei na vifaa vingine, zikaenda kwenye chipu tofauti iitwayo RP1.

La pini ndilo linaloumiza kwenye nyumba za wageni, maana wengi hutumia bodi hizi kuwasha pampu ya maji kupitia rilei. Programu ya Python iliyotumia RPi.GPIO itasimama na ujumbe `Cannot determine SOC peripheral base address`. Dawa ni kuiondoa na kuweka mbadala wenye majina yale yale ya ndani:

`sudo apt remove python3-rpi.gpio`
`sudo apt install python3-rpi-lgpio`

Programu zilizoandikwa kwa gpiozero huwa hazisumbuki.

Kuna jingine lisiloonekana. Keneli ya kawaida ya Pi 5 hugawa kumbukumbu kwa kurasa za KB 16 badala ya KB 4. Hiyo huongeza kasi kidogo, ila baadhi ya programu zilizotengenezwa zamani, hasa zile za biti 32 na zinazotumia maktaba ya kumbukumbu iitwayo jemalloc, hufa zikilalamikia ukubwa wa ukurasa. Andika `kernel=kernel8.img` kwenye `config.txt`, washa upya, kisha hakikisha kwa `getconf PAGESIZE`: ikijibu 4096 umefika. Kwa seva ya kawaida tunaona ni heri kuanza hivyo tangu siku ya kwanza.

Umeme wake unataka ampea 5 kwa volti 5, na chaja za namna hiyo ni chache madukani. Ukitumia ya ampea 3, bodi itawaka lakini itavibana vifaa vyote vya USB kwa jumla ya miliampea 600, hivyo diski ya nje haitazunguka. Kwenye sola, kigeuzi cha kushusha volti 12 hadi 5 hakijui kuzungumza na bodi na kuitangazia ampea zake. Ikiwa una hakika kigeuzi chako kinatoa ampea 5 kamili, fungua `sudo rpi-eeprom-config --edit` na uongeze `PSU_MAX_CURRENT=5000`. Bila hakika hiyo usiguse. Kwa hesabu ya betri, bodi ikila wati 4 kwa wastani, saa 24 ni Wh 96, yaani kama Ah 8 kila siku kwenye betri ya volti 12, kabla ya kuhesabu hasara ya kigeuzi.

NVMe ndiyo sababu halali ya kuinunua. Diski hizi huvumilia kazi ya kuandika mfululizo kuliko kadi yoyote. Kwa amri ile ile ya `rpi-eeprom-config` weka `BOOT_ORDER=0xf416`; namba husomwa kutoka kulia, 6 ni NVMe, 1 ni kadi, 4 ni USB, f ni kurudia. Adapta isiyofuata HAT+, kiwango cha Raspberry Pi cha vibao vya nyongeza, iongezewe `PCIE_PROBE=1`. Kisha utakutana na ushauri wa kuweka `dtparam=pciex1_gen=3` ili kasi iongezeke maradufu. Uache. Bodi imethibitishwa kwa Gen 2 (kizazi cha pili cha PCIe) tu, na baadhi ya diski hutupa makosa kwenye Gen 3 pale joto linapopanda. Gen 2 tayari inazidi mahitaji ya mtandao wa gigabiti moja.

Saa ya ndani inahitaji betri yake ya kuchajika ya ML-2020, na kuchaji kumezimwa kiwandani. Kuwasha ni `dtparam=rtc_bbat_vchg=3000000` kwenye `config.txt`. Usiweke betri isiyochajika ukaandika mstari huo.

Angalia pia kwamba jina la bodi si hakikisho. Pi 5 ya GB 2 iliyotoka Agosti 2024 ina chipu iliyorekebishwa, iitwayo D0. Tumia mfumo ulioandaliwa baada ya bodi yako kutoka kiwandani, wala usichukue kadi ya 2023 iliyolala kwenye droo.

Kuhusu feni: Pi 5 ikifanya kazi nzito inaitaka, kwa sababu ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza kasi. Huko ndiko chumvi inakoingilia. Iweke ndani zaidi, mbali na dirisha la baharini, na feni isafishwe kila mwezi.

Kusasisha bila kulia

Jahazi hukalafatiwa maji yakiwa yamekupwa. Kwa nyumba za wageni za Lamu, wakati wa kupwa ni Mei na Juni, mvua za masika zikiwa zimefukuza wageni. Masasisho makubwa ya mfumo yafanywe hapo. Siku za Maulidi au mwisho wa mwaka, mji ukiwa umejaa, bodi isiguswe.

Masasisho ya usalama hayangoji msimu. Sakinisha `unattended-upgrades`. Kwa mpangilio wake wa kawaida hushughulikia ghala la Debian, na keneli ya Raspberry Pi hutoka ghala jingine, kwa hiyo programu zinapata viraka na keneli inabaki mahali pake. Kuifunga kabisa hadi msimu ufike:

`sudo apt-mark hold linux-image-rpi-v8 linux-image-rpi-2712 raspi-firmware`

Kufungua ni neno `unhold` mahali pa `hold`. Ifungue angalau mara moja kwa mwaka, kwani keneli nayo hupata viraka vya usalama.

Amri ya `rpi-update` isiandikwe. Inaleta keneli na fimwea ambazo bado ziko kwenye majaribio, na maelezo rasmi yanaionya waziwazi. Bado watu huipendekeza kwa kila tatizo. Aliyeshaiandika arudi nyuma kwa `sudo apt install --reinstall raspi-firmware` pamoja na kusakinisha upya kifurushi cha keneli.

Kwa mabadiliko ya `config.txt` kuna njia ambayo wachache wanaijua na kila mwenye bodi ya mbali anastahili kuijua. Nakili `config.txt` kwa jina `tryboot.txt`, fanya badiliko ndani ya nakala, kisha:

`sudo reboot '0 tryboot'`

Bodi itawaka mara moja tu kwa faili la majaribio. Ikiganda, yeyote aliye karibu aichomoe na kuichomeka. Itarudi kwenye `config.txt` ya zamani yenyewe. Ukiwa Mombasa na bodi iko Shela, hiyo inakuokolea safari nzima.

Kwa sasisho la keneli, njia ya uhakika ni kadi mbili. Nakili kadi nzima kwa programu ya SD Card Copier (imo kwenye Raspberry Pi OS yenye skrini, si Lite), sasisha nakala, iache ifanye kazi wiki moja, na ile ya zamani ifungwe kwa utepe ndani ya kasha la bodi, ikiwa na tarehe. Usitumie amri ya kunakili `dd` kati ya kadi mbili za GB 32 kutoka kampuni tofauti: moja huwa fupi kwa megabaiti chache, na nakala hukatika mwishoni kabisa baada ya kusubiri nusu saa.

Bodi ikishatulia, kazi isiyoandika data nyingi ifungwe kwa mfumo wa kusoma tu, kupitia `raspi-config`, sehemu ya Performance Options, Overlay File System. Stima ikatike mara kumi, kadi haiguswi. Kumbuka tu kuufungua kabla ya kusasisha, maana kila kitu utakachosakinisha ukiwa umefungwa kitapotea bodi ikizimwa.

Adapta ya waifai

Kuta za mawe ya matumbawe za mji wa kale huzuia mawimbi vibaya, na waifai ya ndani ya bodi haivuki chumba. Ndiyo maana wengi hununua adapta ya USB yenye antena. Hapa keneli huvunja nyumba nyingi kuliko popote. Adapta zenye chipu ya RTL8812AU kwa miaka mingi zilitegemea draiva ya nje inayojengwa upya kwa programu ya DKMS kila keneli inapobadilika. Ujenzi ukishindwa, asubuhi hakuna mtandao wa kuingilia ukaitengeneze. Draiva yake ya ndani imekuja hivi karibuni tu, kwenye keneli mpya. Tafuta adapta ya Mediatek MT7612U, ambayo draiva yake imo ndani ya keneli tangu 4.19 ya mwaka 2018. Ichomeke, weka nchi kuwa KE, basi.

Orange Pi 5

Kwa nguvu inazishinda zote mbili: viini vinane, nafasi ya M.2 chini ya bodi, na uwezo mkubwa wa video. Toleo la kawaida halina waifai, hilo wauzaji hawalisemi mapema. Inataka volti 5, ampea 4.

Utakayemtegemea kwenye programu ni Armbian, kundi linaloandaa Linux kwa bodi za ARM, na kazi yao inastahili heshima. Wanakupa uchague keneli: "vendor" ni ya mtengenezaji, toleo la 6.1, yenye video na michoro inayofanya kazi ila yenye viraka visivyo kwenye keneli kuu. "Current" hufuata keneli kuu inayotunzwa. "Edge" ni mpya kabisa. Kwa skrini ya kuonyesha filamu chukua "vendor". Kwa seva isiyo na skrini chukua "current". "Edge" iwe ni kwa ajili ya kifaa kimoja unachokijua kwa jina, ambacho umehakikisha kimeingia humo na hakimo kwenye "current". Ukishapata inayofaa, ifungie masasisho ya keneli kupitia `armbian-config`.

Kinachowashinda wengi ni programu ya kuwashia iliyo kwenye kumbukumbu ndogo ya SPI. Ukiwasha kutoka NVMe lazima iwepo, na husomwa kabla ya kadi. Ikiwa ya zamani na mfumo ni mpya, bodi huganda na taa ikiwaka, na kubadilisha kadi hakusaidii chochote. Isasishe kwa `armbian-install` pamoja na mfumo, bodi ikiwa juu ya meza na waya wa siriali wa volti 3.3 umeunganishwa, ili uone inakwama wapi.

Agizo la Pi 4 kwa nyumba moja liwe hivi, lipande basi moja: bodi, chaja yake halisi, kadi tatu za aina ya kuvumilia uandishi za GB 32, kasha la alumini lisilo na feni, DS3231 na CR2032 yake, MT7612U, na waya mmoja wa siriali. Kadi ya kwanza ni ya kazi, ya pili ni nakala, ya tatu ni ya kujaribia keneli.